Mlango wa Kituo cha Wadaiwa

Mheshimiwa Hakimu Mfawidhi, mgeni wetu rasmi. Waheshimiwa wajumbe wa kamati kuu, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuzipatanisha kamati hizo mbili. Ndugu wawakilishi wa benki, ambao viatu vyenu vinang'aa mpaka tunajiona sura. Ndugu dalali wa mahakama, maarufu kwa jina la Beba-Beba, ambaye amefika na gari lake la mizigo hata kabla sijafungua kinywa. Shemeji yangu mkandarasi, ambaye undugu wetu haukuhusika kabisa na zabuni. Mke wangu, mama watoto. Waheshimiwa ambao hawakufika lakini viti vyao vimefika. Na ninyi wananchi mliochagua kusimama juani: KIJUKUWAKA! (Umati: "Kipo!") Sijasikia! KIJUKUWAKA! (Umati, baada ya kuoneshwa kreti za soda: "Kipooo!")

Mimi, Mkurugenzi wa Idara ya Uratibu wa Madeni ya Kadi, mtu mnyenyekevu ambaye unyenyekevu wake umetunukiwa vyeti na vikombe, nimesimama mbele ya mlango huu kuzindua rasmi Kituo Jumuishi cha Kuwasikiliza Wadaiwa wa Kadi, kwa kifupi KIJUKUWAKA, ambacho kwa sababu za kiitifaki mnakiona kimefunikwa kwa turubai lenye picha yake: ghorofa tatu, madirisha ya vioo, na mabwana wawili wanaopeana mikono. (Makofi. Upepo unalipiga turubai, ghorofa ya pili inajikunja.) Itifaki, hebu shikeni pembe ile!

Ndugu zangu, tulikotoka ni mbali. Zamani benki ikimshitaki mtu kwa deni la kadi, mtu huyo alikuwa anakuja mahakamani. Ndiyo, anakuja, kwa miguu yake, na akishakuja anaeleza, na akieleza inabidi asikilizwe, na akisikilizwa inagundulika kwamba nusu kalipa, riba imezidishwa, kadi iliibwa, mara mgonjwa, mara vile, na foleni ya kesi inarefuka, jambo ambalo kitaalamu tunaliita msongamano wa maelezo. (Wawakilishi wa benki wanatikisa vichwa kwa huzuni.) Ndipo Idara yangu, baada ya semina elekezi, warsha, kongamano na safari ya mafunzo iliyoishia ufukweni, ikaja na mkakati shirikishi unaosema hivi: mdaiwa akitafutwa asipatikane, samansi yake ibandikwe kwenye mlango wa Kituo hiki, na ikishabandikwa, basi kisheria amekwishaitwa, awe ameiona, hajaiona, au hata macho hana.

Matokeo? Msishangae mkaanguka. Wadaiwa waliobandikiwa mlangoni hapa: wengi. Waliokuja mahakamani kujitetea: hakuna hata mmoja. Hukumu kwa faida ya mdai: asilimia mia moja, na kwa makadirio ya awali mwakani tutafikia asilimia mia moja na ishirini! (Vifijo. Mwakilishi mmoja wa benki anafuta machozi.) Kesi inaitwa, inaisha, na chai ya karani haijapoa.

Na msidhani naichukia kadi. Mimi mwenyewe ninayo! Unaipitisha kwenye kimashine, kinalia tii, unaondoka na friji. Suti hii ni tii. Miwani hii ni tii. Harusi ya binti yangu, ndugu zangu, ilikuwa tii tii tii mpaka kimashine kikapata moto. (Kicheko. Mke wake anainamisha kichwa.)

Naona kuna mama kanyoosha mkono. Maswali ni baada ya soda, mama. Haya, basi, mpeni kipaza sauti, sisi ni watu wa uwazi.

(Fundi cherehani, tepu ya kupimia shingoni: "Shikamoo, baba. Mimi nashona pale barazani, ng'ambo ya barabara. Cherehani changu kimepakiwa kwenye gari la Beba-Beba asubuhi hii, eti hukumu imetoka. Hukumu gani? Nilichukua vitambaa kwa kadi, na nusu nimeshalipa, risiti ninazo. Kinachonilisha na wanangu ni hicho cherehani. Naomba nisikilizwe tu.")

Marahaba, mama. Masikitiko yako yamepokelewa na yatachakatwa. Lakini mpeleka samansi, huyu hapa mstari wa pili, ameapa mbele ya sheria kwamba alikutafuta kwa udi na uvumba, hukuonekana.

(Fundi: "Hakuniona? Suruali aliyovaa nimeipunguza mimi! Alisubiri kwenye benchi langu, kajifunga kanga yangu, tunapiga soga mpaka nikamaliza!" Kicheko kikubwa. Mpeleka samansi anavuta miguu chini ya kiti.)

Tulieni! Suruali si hoja ya kisheria. Samansi ilibandikwa kwenye mlango wa jengo, mlango ndio huu, jengo ndilo hilo. Mheshimiwa Hakimu, hebu tusaidie, tummalize mama huyu kistaarabu.

(Hakimu, bila kusimama: "Sheria iko wazi. Kama jengo lipo, samansi ilibandikwa, na hukumu inasimama. Kama halipo, samansi haikubandikwa popote, na hukumu zote za mlango huo nazitengua, kila mmoja aje asikilizwe upya. Mkurugenzi, jengo lipo?")

Lipo? Mheshimiwa, lipo kuliko mimi! Lina ukumbi, lina feni, lina maji ya kunywa! KIJUKUWAKA! (Umati, kwa unyonge: "Kipo." Fundi anakaa chini, anakunja tepu yake polepole.) Umesikia, mama? Pole sana. Beba-Beba, endelea na kazi, mchukulie, na mimi naendelea na sura ya pili ya hotuba, yenye vipengele...

Mbona unakuja huku tena, Beba-Beba? Kikaratasi? Bila shaka ni salamu kutoka juu. Niwasomee, wananchi. "Benki dhidi ya..." Hili ni jina langu. Limeandikwa vizuri. "Mdaiwa alifuatwa nyumbani mara kadhaa, mlinzi akasema mzee hayupo..." Hapana, maneno hayo mlinzi nilimfundisha kwa ajili ya wakwe. "...hivyo samansi ilibandikwa kwenye mlango wa KIJUKUWAKA. Mdaiwa hakutokea. Hukumu imetolewa. Likamatwe gari jeusi." (Kwenye kivuli, msaidizi wa dalali ameshaanza kufunga mnyororo kwenye gari jeusi.)

Wee! Wee kijana! Toa mkono hapo!

Mheshimiwa Hakimu. Waheshimiwa. Ndugu zangu wapendwa. Katika utawala bora, kiongozi huisoma upya hali halisi. Mmeniuliza kama jengo lipo. Nami nauliza, jengo lipi? (Umati: "Hilo!") Hilo ni turubai! Nani kawaambia turubai ni jengo? Njooni mshuhudie, itifaki, achieni pembe, vuta, vuta huko! (Turubai linaanguka. Mlango umesimama peke yake, umeegemezwa kwa miti miwili. Nyuma yake ni nyasi na kamba ya nguo. Mfagizi wa mahakama: "Baba, mashuka yangu!") Mnaona ghorofa? Mnaona feni? Mashuka! Hakuna msingi, hakuna tofali, hakujawahi kuwa na tofali! Naapa mbele yenu wote! KIJUKUWAKA! (Umati, kwa furaha isiyo kifani: "Hakipooo!") Sema tena! ("HAKIPOOO!")

(Hakimu anasaini juu ya goti lake: "Nimeridhika na ushahidi wa Mkurugenzi. Hukumu zote za mlango huu zimetenguliwa. Shusheni cherehani." Vigelegele. Watu wanakibeba cherehani juu juu, fundi akikimbia mbele yao akicheka na kulia.)

Gari langu! Fungua mnyororo! Haki imetendeka! Wananchi, kwa kumalizia: Mdaiwa ni mtu! (Umati: "Asikilizwe!") Namshukuru shemeji yangu mkandarasi, kaa chini shemeji, unakwenda wapi, namshukuru kwa dhati kwa kutojenga, maana kwa fedha zote zile nilizomwidhinishia angejenga kweli, leo ningerudi nyumbani kwa miguu. Nawashukuru wakaguzi waliokuja mara tatu, wakala, wakasifu rangi ya mlango. Nawashukuru na maafande hawa wawili, ambao sikumbuki kuwaalika. (Hakimu: "Nimewaalika mimi. Kiapo chako nimekiandika chote.")

Naam. Basi nisiwachoshe. Mama fundi, uko wapi? Samahani kwa usumbufu, mama yangu. Afande ananinong'oneza kwamba huko tunakokwenda mkanda hauruhusiwi, na suruali hii, tii yenyewe, ni pana mno kiunoni. Unaweza kunipunguzia haraka?

(Fundi cherehani, ng'ambo ya barabara, mguu tayari kwenye kanyagio: "Mleteni nimpime. Nipo hapahapa, mbona!")