Pikapu Yangu na Kochi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji, kaka wa mke wangu, amekuja na pikapu yake mpya. Hakuja kutusalimia, amekuja kuegesha. Ameisimamisha ubavuni mwa yangu makusudi, ili majirani walinganishe. Bampa lake linang'aa hata nikajiona sura ndani yake, na sura yenyewe haikunipendeza.

Habari kubwa: mama mkwe anahama Jumamosi. Anakwenda kukaa kwa dada mkubwa wa mke wangu, ng'ambo ya kilima. Vitu vyake ni vichache, ila ana kochi. Lilinunuliwa na marehemu mumewe walipooana, na ukoo mzima hakuna anayethubutu kulikalia bila kujipangusa kwanza. Shemeji ameshatangaza kwamba atalibeba yeye, kwa kuwa mtoto wa kiume ana haki hiyo, na kwa kuwa pikapu yangu, eti, ni ya kubebea mchanga.

Mchanga! Nilicheka kidogo tu, kicheko cha mtu mwenye mpango.

Mpango wenyewe nitaupata kesho.

Jumanne, 4 Machi

Umepatikana! Kwa nini mtu aende dukani wakati nyumba imejaa vifaa? Nimetandika bodi yote ya pikapu, pale panapokaa mizigo, kwa zulia la plastiki, maua mekundu hadi kwenye kona. Kisha nikalisugua kwa nta ya sakafu mpaka likawa utelezi mtupu. Inzi alitua, akateleza. Nimeona kwa macho yangu.

Mke wangu ameuliza kwa nini sakafu ya jikoni ina baridi leo. Nimemwambia ni majira.

Jumatano, 5 Machi

Taa za breki zilikuwa zimekufa. Fundi umeme wa magari, yule wa hapo kona, akataka nimwachie gari siku nzima. Siku nzima kwa nyaya mbili! Nimezifunga mwenyewe. Taa zinawaka vizuri ajabu, ila kila nikikanyaga breki, honi inalia. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza kwamba nimekusudia: wa nyuma anaona, wa mbele anasikia. Ulinzi pande zote. Akainama kuzitazama nyaya zangu. Nina hakika ataniiga.

Alhamisi, 6 Machi

Rangi leo. Brashi, pamoja na kijani kilichobaki tulipopaka geti. Haikutosha. Upande wa dereva ni kijani, upande wa abiria umebaki ulivyoumbwa. Kwani nani huona pande zote mbili kwa mpigo? Jirani amepita mara mbili, akaniuliza kama siku hizi nina magari mawili. Nikaitikia. Heshima ikikujia haifukuzwi.

Na jioni, ushindi! Mama mkwe amepiga simu, sauti ya hasira. Shemeji amemwambia kochi lazima livishwe magunia, miguu yake isije ikachuna rangi ya gari. Kochi la marehemu livishwe magunia kama viazi! Akaniuliza mimi ningeliweka wapi. Nikasema, mama, kwangu kuna zulia. Akasema basi mwanangu, njoo wewe.

Chema chajiuza, wahenga hawakukosea.

Ijumaa, 7 Machi

Mlango wa nyuma wa bodi ulikuwa haufungi sawasawa. Nimeng'oa komeo la mlango wa bafu nikalipachika pale. Limekaa kama pete na kidole.

Kumbe mke wangu aliingia kuoga, na mke wa jirani, aliyekuja kuazima sabuni, akausukuma mlango. Kelele! Alipotoka ameuliza kama komeo linalozuia mlango wa bafu litaweza kuzuia kochi. Nikamwambia komeo ni komeo. Akasema walau nifunge na kamba. Kamba ni za watu wasioamini kazi ya mikono yao.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe. Kochi liliingia garini lenyewe, unalisukuma kwa kidole tu. Mama mkwe akakaa mbele nami, mkoba mapajani. Nyuma yetu shemeji kwenye pikapu yake na masufuria, amenuna. Kila nikikanyaga breki honi inalia, watu wanapunga mkono wakidhani tunawasalimu. Mama naye akawa anapunga.

Kisha kilima. Nikaongeza mwendo. Nyuma pakasema kwach! Nikajisemea ni jiwe. Mama mkwe akatazama kwenye kioo cha pembeni. Akatazama tena.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "lile kochi linaloshuka ni kama langu."

Lilikuwa lake. Linateremka kwa miguu yake minne, kichwa juu, kama mgeni rasmi. Nikakanyaga breki. Honi ikalia. Shemeji, aliyekuwa mbali nyuma, akadhani namwita, akasimama na kutoa kichwa dirishani aniulize nasemaje. Hapo ndipo kochi lilipowasili kwenye bampa lake.

Nilishuka mbio. Mguu mmoja wa kochi umevunjika. Mama mkwe akaja taratibu, akalizunguka, akalipapasa mgongo. Niliomba ardhi inimeze. Halafu akaketi juu yake, palepale barabarani, akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Akasema siku marehemu alipolileta kwa mkokoteni lilimponyoka vilevile, kwenye kilima hikihiki, na tangu amzike hajapata kucheka namna hii.

Shemeji hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya bampa kama mfiwa.

Kochi lilimalizia safari kwenye pikapu ya shemeji, chini ya kamba tatu. Mama mkwe naye alihamia huko.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa kina. Zulia halikuchanika. Komeo halikuvunjika. Zilizong'oka ni skrubu, na skrubu sikuzitengeneza mimi. Tena mama mkwe amecheka, na kicheko hicho kimeletwa na gari gani? Mke wangu anasema nikamwombe kaka yake radhi. Nitakwenda nikipata nafasi.

Leo sina. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani amekuja kutafuta gari la kubebea vioo vya madirisha ya darasa zima, kesho asubuhi. Akauliza kama pikapu yangu haitikisi mizigo. Nikamwambia, mwalimu, ondoa shaka, vioo vitalala kama kitandani.

Kisu nimeshanoa. Godoro la wageni linatosha bodi nzima, nikikata pembe mbili tu. Mjomba wa mke wangu, aliyekuja kwa ajili ya kule kuhama, bado amelala juu yake. Namsubiri ageuke upande, nianze na pembe ya kwanza.