Injinia wa Maji Matamu

Mbaluka alipomwona fahali wa Kavindu pale Kathonzweni, mnene na anang'aa ilhali mbuzi wa jirani wamebaki mbavu, alizima pikipiki na kuwa injinia papo hapo.

Akatoa jiwe lenye vitundu, lililolowa mafuta.

"Mwaitu, mama yangu, chini ya shamba lako kuna mwamba kama huu. Umeshiba mafuta ila hautaki kuyaachia." Akalimwagia maji ya kisima cha Kavindu, yale ya chumvi ambayo hata punda huyanusa akaenda zake. Jiwe likanyamaza. "Umeona? Chumvi inayagandisha mafuta mwambani. Sasa tazama maji matamu."

Akamimina ya chupa yake. Mafuta yakachuruzika. Sabuni iliyokuwemo chupani haikutajwa. Msomi hasemi yote siku moja.

"Aiya!" Kavindu akashika kifua. "Na wewe utataka nini?"

"Fahali tu, mwaitu. Wa kulipia ada ya kuandikisha kisima cha mafuta."

"Nitakupa. Lakini chupa moja kwa mwamba mzima, injinia? Lete lori. Marehemu mzee wangu aliacha shimo hapo nyuma, limefika mwambani. Mimina humo, ufungue kamba uende na fahali."

Mbaluka hakulichelewesha neno hilo. Huko Emali alimwachia Dubow, mwenye malori ya maji, pikipiki yake iwe dhamana mpaka fahali auzwe. Akarudi na lita elfu kumi. Bomba likapenyezwa chini ya mabati yaliyofunika shimo, maji yakashuka yote, lori likaondoka.

"Haya, mwaitu. Fahali."

"Mafuta kwanza."

Kavindu akavuta bati moja. Shimo lilikuwa limetandikwa nailoni nyeusi toka ukingo hadi ukingo, na maji yametulia humo, hayajagusa hata kokoto.

"Hili ni bwawa!"

"Ni bwawa, mwanangu. Ndengu zangu zilibakisha siku tatu zikauke."

"Nitapiga kelele, watu waje!"

"Piga. Nitawaambia umetuletea maji bure."

Hakuwahi hata kupaaza sauti. Majirani walikuwa wameliona lori, na walishaingia na mitungi. Syombua, kiongozi wa kwaya, akamshika Mbaluka mkono, akamsimamisha katikati. Kavindu akafumba macho, akaomba kwa sauti:

"Bwana, mbariki injinia huyu. Umrudishe upesi, na lori la pili."

Watu wote walikuwa wakimtazama. Mbaluka akasema "Amina," akashika njia ya Emali kwa miguu.