Makamu Mwenyekiti na Glasi Mbili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka.

Jana kwenye Klabu ya Waonja Wiski, Mzee Chenge, mwenyekiti wetu, nahodha mstaafu wa meli za ziwani, alitangaza kung'atuka. Daktari amemkataza pombe. Aliyasema hayo ameshika glasi ya maji, akiitazama kama amebebeshwa mzigo wa mtu mwingine.

Kiti ni changu! Mimi ndiye makamu. Tatizo ni kwamba mimi ni makamu kila mahali. Ofisi ya ardhi nilikaimu ukuu wa idara mpaka nikastaafu. Parokiani, makamu. Hata kamati ya harusi ya binti yangu mwenyewe, Rachel, nilikuwa makamu. Mwenyekiti alikuwa shemeji.

Basi Mzee Chenge akasema hakuna kupiga kura. Tunaotaka kiti ni wawili, mimi na Machibya, muuza vipuri vya magari. Jumamosi tutaonja mbele ya wanachama. Glasi mbili, wiski ya kiwanda kimoja huko Uskoti. Moja imelala kwenye pipa miaka kumi na miwili, nyingine kumi na minane. Kila mtu aseme ipi ni kongwe. Atakayepatia anakalia kiti. Tukipatia wote, au tukikosa wote, kiti ni cha makamu.

Machibya jana alinusa glasi yake, akafumba macho, akasema anasikia mwaloni. Nikasema hata mimi, leo harufu ya dagaa imezidi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kumbe alimaanisha mti wa mwaloni, ule wa kutengenezea mapipa. Mimi nilidhani Mwaloni, soko la samaki la Kirumba.

Simpendi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejifungia jikoni kuifundisha pua. Nimesoma kwamba wiski kongwe hunukia zabibu kavu na ngozi. Nikapanga mezani asali, kahawa ya kwetu Kagera, zabibu kavu, samaki wa moshi. Ngozi sikuwa nayo. Nikaleta kiatu cha kanisani.

Kitambaa machoni, nanusa huku na huku, mke wangu Renatha akaingia. Akakitazama kiatu mezani. Kisha akauliza, "Waitu, Baba Rachel! Kiatu kimekuja kula?"

Nilimweleza. Akakaa akanisaidia, akinisogezea kimoja kimoja. Asali nilipatia. Kiatu nilisema ni kahawa. Kahawa nilisema ni samaki. Renatha alisema labda nimechoka. Ni kweli nimechoka.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango mpya! Pua ya nini wakati Queen yupo? Queen ndiye anayetuhudumia pale hotelini klabu inakokutana. Nikaenda kumwomba glasi ya wiski kongwe aiweke kushoto, basi.

Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Nikazunguka kidogo: upepo wa ziwani, korongo wanavyochafua bustani ya hoteli. Hakuningoja nimalize. Akasema Mzee Chenge atamimina mwenyewe, na ameagiza kwamba mmoja wetu akija kuulizauliza, apigiwe simu.

Nikauliza kama Machibya ameshakuja. Akasema hapana, baba, ni wewe tu.

Niliondoka bila hata kunywa soda.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Machibya amenialika mbuzi choma Usagara. Nikajua! Anataka kuniunguza ulimi kwa pilipili siku moja kabla. Nikaamua kumtangulia. Alipokwenda kunawa, nikamwaga bakuli zima la pilipili juu ya nyama ya upande wake.

Akala. Yote. Hakukohoa, hakupenga kamasi. Mimi ndiye niliyejisahau nikajifuta jicho kwa kidole kilekile. Mwenye banda alinimwagia maji kichwani mbele ya watu.

Nilipoanza kuona tena, Machibya alikuwa anaitazama sahani yake. Akauliza nyama ilikuwa na pilipili, eh? Nikajifuta maji usoni. Akasema, "Deo, mimi sisikii kitu. Ulimi umekufa, pua imekufa. Tangu yale mafua ya wiki tuliyomzika Gladness."

Gladness ni marehemu mkewe. Nilibeba jeneza lake. Yote anayoyasema klabuni, mwaloni, maganda ya chungwa, anayasoma kwenye makasha ya chupa kabla hajatoka nyumbani. Nikamuuliza kwa nini basi anakuja. Akasema Jumapili nyumba yake huwa kimya mno.

Akasema kiti nichukue mimi, hakitaki, wanachama ndio waliomsukuma. Anaomba nimsaidie tu asiaibike. Kura imemwangukia yeye kuanza kujibu. Nikishika sikio, kongwe ni ya kulia. Nikishika tai, ya kushoto. Nikaahidi. Tukapeana mikono ya mafuta ya mbuzi.

Nilimwonea huruma kwelikweli. Mpaka tulipofika Nyegezi, tukirudi.

Maana nikimwonyesha ile ya kweli, tutapatia wote. Kiti nitapewa kwa sababu ni makamu! Watasema nimeokota. Hapana. Nataka kushinda mbele ya macho yao. Yeye akosee, mimi nipatie. Nitampa ishara ya uongo.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Bustani ilijaa. Mzee Chenge alimimina nyuma ya pazia, akaleta glasi mbili kwa kila mmoja, kwa mpangilio uleule. Nikanusa ya kushoto. Zabibu! Kiatu! Wazi kabisa. Kongwe ni ya kushoto.

Machibya akanitazama kama mtoto anayesubiri sindano. Nikashika sikio.

Akasimama. Akasema kongwe ni ya kulia, inatoa mwaloni mkavu na maganda ya chungwa. Nami nikasimama, nikakunja mkono nyuma kama hakimu, nikasema namheshimu mwenzangu lakini amepotea. Ni ya kushoto.

Mzee Chenge akainua chupa. Ya kulia.

Watu walipiga makofi hadi korongo wakaruka. Machibya alinikumbatia, machozi yanamtoka, akasema kwa sauti bila huyu ndugu yangu asingefika hapa. Wakadhani ni unyenyekevu. Wakashangilia tena. Kisha akatamka jambo lake la kwanza kama mwenyekiti: Deo Bagenda aendelee kuwa makamu. Limepita bila kupingwa.

Jumapili, 10 Agosti

Tukitoka misa nilimwambia Renatha kila kitu. Jicho bado limevimba, nilitegemea pole. Akauliza, kwa hiyo ungemwonyesha ile uliyoiamini, mngekosa wote wawili? Nikasema ndiyo. Akauliza, na mkikosa wote kiti kilikuwa cha nani?

Sikuwa nimeliona hilo.

"Ungekuwa mwenyekiti kwa kutimiza ahadi tu," akasema, akaniacha njiani, akaingia kwa jirani.

Mchana Machibya alikuja na sato mkubwa, kutushukuru. Tukala pamoja. Alisifu mchuzi wa Renatha, jinsi nazi ilivyokolea. Haukuwa na nazi. Renatha alijua, akashukuru, akamwongezea. Baadaye wakaongea habari za Gladness, na Machibya akacheka, kicheko ambacho sijakisikia kwa muda mrefu. Alikaa mpaka chai ya jioni.

Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua kinywa kabisa. Nikamkaribisha ndizi.

Jumanne, 12 Agosti

Mwenyekiti amepiga simu. Klabu ya Bukoba inakuja mwezi ujao kushindana nasi. Watu wa kwetu! Kila upande utoe waonjaji wawili. Ameomba nikae pembeni yake, ishara zilezile. Akasema hamwamini mtu mwingine duniani. Nikasema asiwe na wasiwasi, mimi nipo.

Nimelitafakari sana jambo la Jumamosi. Renatha anasema funzo liko wazi. Nakubaliana naye. Kosa langu lilikuwa haraka. Nilinusa mara moja tu. Mtu ukitaka kumpotosha mwenzako lazima kwanza uwe na hakika, unuse mara mbili, hata tatu.

Nimeshaanza mazoezi. Safari hii nitampa ishara ya uongo ambayo ni ya uongo kweli.