Posa ya Kimya na Pai ya Gesina

Jumatatu, 3 Juni 1912

Mimi ndiye mume mwenye heri kuliko wote New Jersey! Gesina wangu ameoka tena pai ya matufaha. Ngumu kama soli ya kiatu. Nikamwambia malaika wangeigombania. Akatokwa na machozi ya furaha, kipenzi changu! Nikaenda nayo kazini, nikampa mbwa wa mwongozaji wetu wa sinema. Mbwa akaifukia.

Jioni Gesina na dada yake Hendrika wakazungumza toka pembe mbili za chumba bila sauti, midomo tu, kama wafanyavyo kiwandani wanakofuma, maana mashine za hariri zinanguruma husikii hata ukipiga mayowe. Midomo ile! Ningeitazama mpaka kesho.

Jumatano, 5 Juni

Leo tumepiga picha ya sinema, onyesho la posa. Mimi ni mchumba aliyefukuzwa na baba wa binti; nimerudi na gauni na kofia ya maua, najifanya mpishi mpya. Kofia inadondoka, napiga goti mbele ya Bibi Opal, anayeigiza binti. Mwongozaji akasema niseme lolote, sinema haina sauti, watazamaji hawasikii, ila nitie moyo.

Nikatia! Mkono kifuani, machozi tele, nikamwambia Opal kwamba pai za mke wangu zitaniua, hata mbwa anazizika, animegee mkate wake wa nyama. Opal akauficha uso, mabega yanatetemeka. Mwongozaji akadhani ni mahaba. Akatusifu!

Gesina akauliza nilimwambia nini yule mwanamke. Nikasema nilikuwa nalitaja jina lake yeye tu. Mabusu! Mabusu!

Jumamosi, 22 Juni

Picha imefika jumba la sinema la hapa kwetu Paterson. Gesina akaja na wafumaji wenzake, safu nzima, wamwone mumewe. Kofia ikadondoka. Goti likapigwa. Piano ya ukumbini ikalainika. Safu nzima ikaangua kicheko!

Hendrika akapaza sauti: “Shemeji, mbwa hajambo?”

Gesina hakucheka. Njiani akasema, polepole, kwamba ningemwambia tu, angejifunza. Nikamwapia kuwa yale ni maneno ya mhusika.

Jumapili, 23 Juni

Pai mezani. Kubwa. Yote yangu. Dada wawili wakakaa kunitazama nikila. Nikasema malaika wangeigombania. Gesina akamgeukia Hendrika, akachezesha midomo bila sauti. Hendrika nusura aanguke kitini kwa kicheko.

Bila shaka alisema ananipenda!

Kesho nitamwomba mwongozaji mchumba awe na masharubu. Mazito, yafunike mdomo wote.