Wimbi la Marehemu Baba

Jumatatu, 6 Mei
Belinda, mwenye banda la video hapa Mandewa, ametangaza kwamba anabakiza mtafsiri mmoja. Mimi au Kefa! Jumamosi tunapimwa kwa tamthilia ya zamani ya Wazungu wanaoteleza kwa mbao juu ya mawimbi. Mimi sehemu ya kwanza, Kefa ya pili. Huyo Kefa hutafsiri utadhani anasoma matangazo ya msiba. Kipaza sauti nakipenda kuliko chakula. Nikikikosa, narudi kulima alizeti kwa shangazi.

Jumanne, 7 Mei
Nimeangalia sehemu yangu. Ajabu! Kijana wa kaptula nyekundu kapanda wimbi, wa kaptula ya bluu karukia hilohilo. Ngumi! Bahari yote ile, mnagombania wimbi moja? Umeme ukakatika katikati. Nimewaza jambo hili mpaka ugali umepoa.

Jumatano, 8 Mei
Nimemwamkia mwalimu Melkiori na kumuuliza. Akasema mawimbi huletwa na upepo. Sikuuliza hilo! Nikang'oa mlango wa bafu la shangazi, nikaupeleka Ziwa Singida kujionea mwenyewe.

Ziwa limetulia, wimbi hakuna. Nikasimama juu ya mlango, tukazama wote wawili kwenye tope. Chumvi machoni! Hata heroe, wale ndege wa ziwani wenye miguu mirefu, walisogea mbali nami. Kefa alikuwa ukingoni, ananipiga picha kwa simu. Jioni shangazi ameoga nyuma ya khanga, akinitukana kwa Kinyaturu mwanzo mwisho.

Lakini nimegundua. Mawimbi ni adimu, kwa hiyo wimbi ni mali. Na mali inayogombaniwa na vijana wawili ni nini kama si urithi?

Jumamosi, 11 Mei
Banda limejaa. Nikafunguka! Nikasema wimbi lile aliliacha marehemu baba yake wa nyekundu. Huyu wa bluu ndiye aliyemuua mzee, na sasa anamdhulumu yatima. Bibi Febronia, mteja wetu wa benchi la mbele, akalia kwa sauti. Belinda akaniitikia kwa kichwa. Raha iliyoje!

Kumbe nusu niliyoikosa ina mambo. Wa nyekundu akazama, wa bluu akamwokoa. Wakakumbatiana. Wakala samaki sahani moja! Bibi Febronia akasimama, akauliza ni mtoto gani huyo anayekula na muuaji wa baba yake. Nikasema faini ya ng'ombe imeshalipwa. Akauliza mbona hatukuwaona. Nikajibu watafika sehemu ya pili. Makofi!

Zamu ya Kefa. Watu hawakumsikiliza, walitafuta ng'ombe. Ng'ombe hawakutokea. Kefa akaeleza kwamba hakuna aliyeuawa. Kwao aliyewahi wimbi ndiye mwenye haki nalo, basi. Ndiyo hivyo tu? Watu wakanigeukia mimi. Benchi moja limevunjika.

Jumapili, 12 Mei
Kipaza sauti kapewa Kefa. Mimi nimepewa ufagio. Belinda kasema, Peniel, uongo wako utanivunjia banda. Imeniuma, sifichi. Nimeapa mbele yake kwamba sitatunga tena maisha yangu yote.

Nikiwa nafagia mlangoni, akaja Bibi Febronia. Nikampa shikamoo. Akaangalia huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini wale ng'ombe walikwama wapi. Nikaendelea kufagia. Nilijitahidi kweli.

Nikamwambia waliibiwa njiani, karibu na Itigi. Akavuta benchi, akakaa, akataka kujua mwizi ni nani. Nikaegemeza ufagio ukutani.