Malalamiko Dhidi ya Binti Aliyemaliza Tovuti Kabla ya Siku Yake

Gesti ya Mwamba Mweupe,
Ilemela, Mwanza.

Kwa Bi. Shamsia,
Meneja, Ofisi ya Kutengeneza Tovuti,
Mwanza mjini.

YAH: MFANYAKAZI WAKO KUMALIZA KAZI MAPEMA

Mheshimiwa Bi. Shamsia,

Salamu kwanza, kwa kuwa wewe binafsi sina ugomvi nawe. Ninamlalamikia mfanyakazi wako, Queen, uliyemtuma kunitengenezea tovuti ya gesti yangu. Nimeishi na mafundi miaka kumi na miwili, wa paa, wa mabomba na wa makochi, na sijawahi kutendewa hivi. Makosa yake ni haya:

1. Siku ya kwanza alifika saa tatu kamili, saa ile ile tuliyopatana. Alinikuta na singlendi, mswaki mdomoni. Kabla sijasukutua akaanza kuuliza tovuti ni ya nini, nataka wageni gani, na wakishaiona wafanye nini. Majibu akayaandika, akanisomea, akanisainisha. Fundi wangu wa paa hajui hata jina langu la pili.

2. Alinipa ratiba ya wiki saba, na humo ndani akanipangia na mimi kazi. Mimi mteja! Nilitakiwa kupeleka picha za vyumba vyote vinane ifikapo Jumanne. Jumanne nikanyamaza, kwa nia njema kabisa ya kuchelewesha mradi. Jumatano akaja mwenyewe na kamera, akatandika vitanda, akaondoa ndoo zangu koridoni, akapiga picha mpaka miamba ya nyuma ya nyumba.

3. Nikabadili mbinu. Niliomba rangi ya bluu iwe kijani, kisha irudi bluu. Niliomba sato aogelee juu ya ukurasa, awepo marehemu baba yangu, na matokeo ya timu yetu ya mtaa kila Jumapili. Maombi ya namna hiyo yangemlaza fundi yeyote mwenye heshima zake miezi mitatu. Yeye alifungua ile karatasi yenye sahihi yangu, akanionyesha kwa adabu kwamba sato hakuwemo, na kwamba tutamjadili baada ya makabidhiano.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Alimaliza wiki ya sita, akaja kukabidhi Jumamosi mchana, Mwalimu Wilhelmina akiwa amekaa sebuleni.

Inabidi nikueleze. Wilhelmina ni mchumba wangu. Nilipeleka barua ya posa kwao Igogo miaka sita iliyopita, ikajibiwa vizuri. Nikasema harusi paa likiisha. Fundi, Mungu ambariki, akanipa miaka mitatu. Nikasema makochi yakiisha. Fundi Malimi akanipa miwili na nusu, na kochi moja mpaka leo limeegemezwa ukutani. Ndipo nikasema tovuti ikiisha. Niliichagua baada ya kufikiri sana: kitu kisichoshikika kwa mkono, nikajua hakitachukua chini ya miaka minne. Queen akatoa simu, tovuti ikafunguka, kila kitufe kinafanya kazi. Akauliza kama kuna lolote lililobaki. Wilhelmina akanitazama mimi.

5. Kana kwamba hayo hayatoshi, wageni wameanza kuweka nafasi humo humo kwenye tovuti. Vyumba vimejaa hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo hata kusema biashara ni mbaya siwezi tena.

Kwa hali hiyo naomba tovuti ishushwe, pawekwe maneno kwamba inaendelea kutengenezwa. Queen apelekwe kwa fundi Malimi akajifunze kuzima simu, kufiwa kila mwezi na shangazi yule yule, na kusema yuko njiani akiwa kitandani. Na mimi nipewe barua yenye muhuri, aandikiwe Wilhelmina, kwamba mradi una hatua ya pili ambayo mwisho wake haujulikani. Sisemi simpendi. Naogopa, na kwa umri wangu huu sina wa kumwambia kwamba naogopa.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mlinzi wenu wa getini, na hata Queen mwenyewe, ambaye kosa lake ni hilo moja tu.

Wako niliyeonewa,
Pius Masele,
Mmiliki wa gesti.

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Wilhelmina akapita. Hakukasirika. Aliisifu tovuti, akasema uhamisho aliouomba wa kwenda Bukoba umekubaliwa, anaripoti baada ya wiki tano. Kisha akanipa mkono, kama anavyowapa wazazi wa wanafunzi wake. Bi. Shamsia, mkono ule sikuupenda.

Yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Naomba umruhusu Queen aje leo na ratiba ya wiki nne. Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, kwa hiyo hakuna siku ya kupoteza, na kamati yangu ya harusi imekaa vikao vinne ikibishana nani awe katibu. Kazi yoyote atakayonipangia nitaifanya siku hiyo hiyo. Barua hii anakuletea bodaboda. Mimi niko Igogo, nje ya nyumba yao. Nimegonga mara mbili, na bado sijafunguliwa.