Nakala Nne Dukani kwa Mzee Jamali

Jamani, leo nimejianika mchana kweupe. Nyamazeni niwaeleze mwenyewe kabla hamjayasikia sokoni.

Taipureta yangu mnaijua. Herufi A imekatika. Sasa niambieni, barua gani ya Kiswahili inaandikwa bila A? Nazijazia kwa kalamu, moja moja, mpaka vidole vinauma. Na tangu vijiji vya ujamaa vianze, makatibu hawaishi kunibishia hodi: barua ya majembe, barua ya mbegu, barua ya kisima. Juzi mmoja kanirudishia yake. "Dada Veronika, bomani watadhani imeliwa na panya." Nisipopata mashine nyingine, kazi imenifia.

Dukani kwa Mzee Jamali ipo moja mpya. Tamu hiyo! Mara ya kwanza alisema mia nane. Nikauza asali ya mjomba, nikarudi: elfu moja. "Meli, binti, meli zimepandisha nauli." (Tabora hii! Meli inapita wapi?) Leo nimekwenda, elfu moja na mia moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa uijaribu kwanza." Akaweka karatasi mwenyewe, akaenda kumpimia mama mmoja kitambaa.

Vidole vikaanza kuandika yaliyomo moyoni: "Ndugu, Yah: Bei yako. Inapanda kila nikivuka mlango. Nina mia tisa, ila nitakuambia nina mia saba, na nitalia kidogo."

Loo, A zote zipo! Nikachomoa karatasi ya juu, nikaikunja, nikaitia mkobani. Nikajiona mjanja.

"Mzee, nina mia saba tu. Haki ya Mungu." Nikatoa leso. Chozi likaja lenyewe, maana mashine naitaka kweli.

Mzee akaivuta mashine kwake. Akatoa karatasi nyingine. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kumbe alipanga kaboni katikati, nione inavyotoa nakala! (Mimi, mpiga chapa wa miaka sita, sikuhisi ule unene.)

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Alipofika "nitalia kidogo," yule mama wa kitambaa akakaa chini sakafuni, mbavu hana. Mimi na leso yangu usoni, natafuta mlango ulipo.

"Binti, subiri!" Mzee anafuta machozi ya kicheko. "Unajua kulalamika, wewe. Barua zangu za kuomba bidhaa Dar es Salaam hazijibiwi hata moja. Lete hiyo mia tisa, mashine chukua. Mia mbili iliyobaki utaniandikia barua."

Basi ndiyo hii hapa mezani, na kazi ya kwanza nimeshapata. Nina furaha, sifichi. Ila nakala moja kaibandika ukutani, juu ya mizani ya sukari. Kwa hiyo ndugu zangu, nawaomba sana, sukari ya wiki hii nunueni kwingine.